Jibu: Kisanduku cha fedha cha Kijapani – mkuu, USISUGUE

Mkuu, hicho kitambaa weka chini kwanza, salamu baadaye. Nimefika pale ulipoandika kwamba wikiendi hii unakichovya kwenye dawa king'ae kabla ya kukipeleka mnadani, moyo ukanilipuka paa.

Mimi nilikuwa nacho cha namna hiyo, nilikinunua hukuhuku Uingereza kwenye soko la vitu vya kale. Kasha la sigara, ndani limepigwa mbao za mwerezi, juu ya kifuniko wamekaa kunguru wawili tawini. Kunguru weusi tii, ukiwageuza kwenye mwanga wana ubluu kwa mbali. Mzee aliyeniuzia, katinga tai na miwani ya kamba, akanisukumia na chupa ya dawa: huo weusi ni uchafu wa miaka, chovya tu, bei itapanda. Nikachovya. Kunguru wakatoka wekundu kama sufuria mpya ya shaba. Hapa nyumbani mpaka leo wanaitwa kuku wa kuchoma.

Ule weusi ndiyo kazi yenyewe! Mwaka 1876 serikali ya Japani, enzi za mfalme Meiji, ilipiga marufuku watu kuvaa panga hadharani, ikawaacha wanajeshi na polisi. Mafundi waliokuwa wakitia nakshi mapambo ya panga wakakosa wateja, wengi wakageukia vitu vya kuwauzia wageni kule bandarini Yokohama. Wakaja na madini yao: shakudo, ambayo ni shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, na shibuichi, shaba iliyochanganywa na fedha. Kazi ikishachongwa inachemshwa kwenye maji yenye chumvi za shaba mpaka rangi itoke. Rangi yote ni utando mwembamba juu juu. Dawa ya kung'arishia ina asidi, inauchuna ukiwa unatazama. Nilikwenda kwa sonara anirudishie, akashauri kiwi ya viatu. Sikutania.

Na yule mzee, maisha yake yote anauza fedha, eti hakujua? Kama alijua ni tapeli. Kama hakujua, tai ya nini? Nilipokipeleka mnadani, dada wa mapokezi hata chini hakugeuza. "Hiki kimeoshwa," basi, akanitajia bei ya uzito, ya kwenda kuyeyushwa.

Najua utasema chako ni fedha tupu, hakina kunguru. Lakini kina nakshi ya joka, mkuu! Lile giza lililolala kati ya magamba ndilo linalomfanya joka aonekane. Ukisugua unaliondoa, ukizidi kusugua magamba nayo yanalika. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukomee hapo.

Chapa uliyouliza, herufi mbili za Kijapani: kama zinasomeka jungin, hiyo ni fedha halisi. Angalia tu kisiwe kile cha antimoni, madini ya bei rahisi yaliyopakwa fedha juu, navyo vina majoka. Mengine uliyouliza wadau watajibu. Mimi tupia picha ya chini ya kisanduku, na hiyo dawa mwaga chooni leo.