Huduma imerudi, mbona tiketi bado iko wazi?

Swali: Shikamoo Fundi. Niko dawati la huduma za kompyuta, mwaka wangu wa kwanza. Mfumo wetu wa mishahara uliganda, tukauwasha upya, ukarudi ndani ya dakika 20. Nikaifunga tiketi ya tukio hilo, yaani rekodi yake ya kazi. Mwenzangu mkongwe akafungua tiketi nyingine, akaiita "tatizo", na leo ina siku 40. Kila Jumatatu bosi ananiuliza mbona hatufungi kitu kilichokwisha. Niifunge?

Jibu: Marahaba. Usiifunge.

Lawama ya kwanza naitupia lugha yetu. Anayepiga simu dawatini husema "nina tatizo", iwe printa yake imegoma au ofisi nzima haina mtandao. Kwetu mafundi hilo ni tukio: huduma imekatika au imedorora bila kupangwa, na kazi yako ni kuirudisha upesi, hata kwa kiraka. Tatizo ni kile kinacholeta tukio, au kinachoweza kulileta kesho. ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za kompyuta ulioanzia serikalini Uingereza miaka ya 1980, unayatenganisha hivyo hivyo.

Nilijifunza tofauti hii kwa aibu. Nilikuwa zamu kwenye mfumo wa ripoti uliokuwa ukiganda kila mwisho wa mwezi. Nikiuwasha upya, dakika 6 watu wanaendelea na kazi, nami napewa asante. Miezi 11 nikaishi kwa asante hizo. Siku alipokuja mtu wa kutafuta chanzo, aliniomba kumbukumbu za seva, yaani rekodi za yaliyotokea ndani yake, za wakati ule ilipoganda. Sikuwa nazo hata moja. Kila nilipoiwasha upya nilikuwa nafuta ushahidi kwa mkono wangu.

Mwezi uliofuata alinizuia kwa dakika 3, akanakili orodha ya miunganisho iliyo wazi kwenye hifadhidata, yaani njia ambazo programu hupitia kufikia data. Yote 100 iliyoruhusiwa ilikuwa imeshikwa na programu moja ya ripoti iliyofungua muunganisho na kusahau kuufunga. Katikati ya mwezi ripoti ni chache, hakuna anayeona. Mwisho wa mwezi zinajaa, na kila anayekuja baadaye anasubiri bila kuitwa. Dawa ilikuwa mistari miwili ya msimbo, ila kuijaribu na kuiidhinisha kulichukua wiki tatu. Kwa wiki hizo tiketi iliandikwa "kosa linalojulikana", na chini yake njia ya muda: washa upya saa 12 jioni, kabla ripoti hazijaanza. Aliyekuwa zamu hakuhitaji tena kukisia.

Kwa hiyo mwambie bosi kwamba tiketi hizi mbili hazipimwi kwa kipimo kimoja. Tukio linapimwa kwa muda wa kurudisha huduma. Dakika 20 zenu si mbaya. Tatizo namwomba alipime kwa idadi ya matukio yanayojirudia. Mwonyeshe matukio yaliyofungwa chini ya tiketi ya mwenzako. Kama hayajaunganishwa nayo, yaunganishe leo, maana bila hayo ile tiketi ni karatasi tupu na bosi ana haki ya kulalamika.

Sisemi kila tukio lifunguliwe tiketi ya tatizo. Nenosiri lililosahaulika halitaki uchunguzi. Na kuna tatizo linaloweza kubaki na njia yake ya muda miaka mingi kwa sababu kulitibu ni ghali kuliko kulivumilia. Hilo nalo ni uamuzi, mradi ameufanya mwenye mamlaka na umeandikwa. Upande wa pili, tatizo laweza kufunguliwa kabla ya tukio lolote: ukiona diski inajaa kidogo kidogo kila wiki, unangoja nini?

Mfumo wa mishahara ukiganda tena, kabla hujagusa kitufe nakili kumbukumbu na orodha ya miunganisho, umpe mwenzako. Simu zitakuwa zinalia na bosi amesimama nyuma yako. Dakika 3 tu, kisha uwashe.