Jibu: Laki sita za Arusha au laki tano za Moshi?

Habari mkuu. Umeuliza kama mshahara wa laki 6 kwa mwezi Arusha utakuachia chenji zaidi kuliko wa laki 5 Moshi, na umekwama kwenye bei ya mchele. Mchele uache kwanza, anza na kodi na nauli.

Miji yote miwili wenye nyumba wengi wanataka miezi 6 kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi 1 juu yake. Chumba cha 80,000 kinakula 560,000 hata godoro hujanunua. Nauli ndiyo mchawi: Moshi ukipanga Majengo, mjini unafika kwa miguu. Arusha ukikimbilia kodi nafuu ya Ngaramtoni au Usa River, zidisha nauli ya daladala mara 2, kisha mara siku 26 za kazi kwa mwezi. Laki ya ziada huanza kumeguka hapo.

Umeme usikusumbue, bei ya yuniti ni ile ile. Ila uliza LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) mnachangia wangapi: mita ya mtumiaji mdogo ikivuka yuniti 75 kwa mwezi, zinazofuata zinapanda bei vibaya.

Arusha tenga pia hela ya maji ya kunywa. Sehemu nyingi yana floraidi nyingi (madini yanayoharibu meno yakizidi), na kuchemsha hakuiondoi.