Usitupe hizo CD za kuchoma, mkuu

Mkuu uliyeuliza kuhusu boksi la CD ulilolikuta kwa mama Kongwa, lenye video mlizoshusha intaneti kati ya 2007 na 2010: usitupe hata moja. Umesema kila kitu kipo mtandaoni. Mimi siamini hivyo tena, na nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa nahudumu kwenye kafe ya intaneti Dodoma mjini, jirani na Jamatini, kabla mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti wa chini ya bahari, haujafika Dar Julai 2009. Dishi moja la setilaiti, kompyuta nane zinagombania. Video ya dakika nne tuliiacha ishuke usiku kucha, asubuhi unakuta imekatika katikati. Ikikamilika tunaichoma kwenye CD, tunairusha kwa Bluetooth, inazunguka kutoka Majengo mpaka Chang'ombe.

Mteja wetu mmoja, kijana wa Bahi, alirekodi muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kijijini kwao kwa simu. Bibi yake ndiye alikuwa anaongoza, ngoma kaibana kwa mapaja, wenzake wanaitikia. Akaipandisha kwenye tovuti moja ya video ya bure, kazi ya siku mbili. Simu ikaibiwa. Tovuti ikafungwa, na kama tangazo lilitumwa, lilikwenda kwenye barua pepe aliyokwisha kusahau nywila yake. Bibi akafariki.

Alikuja kwangu miaka mingi baadaye, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna chochote kimebaki. Nikapekua makasha yote ya kafe. Ilikuwemo kwenye CD ya mchanganyiko, kati ya bongo fleva na vichekesho: faili la 3gp, aina ya video za simu za zamani, picha ndogo ya nukta 176 kwa 144. Bibi anaonekana kama kivuli, ila sauti yake inasikika vizuri. Nakala nyingine haipo popote.

Hata kampuni kubwa hupoteza. GeoCities, tovuti ya kurasa binafsi za bure, ilifungwa Oktoba 2009, na sehemu kubwa ya kilichopona kilinakiliwa na watu wa kujitolea wa Archive Team, kundi linalookoa tovuti zinazofungwa. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo, picha na video za miaka mingi zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Nyimbo kama 490,000 hivi zikapatikana kwa sababu wasomi fulani walikuwa wamezinakili kwa ajili ya utafiti wao, wakazikabidhi kwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Ndiyo kisa cha kafe yetu kilekile: kilichookoa ni nakala ya mtu ambaye hakuwa na nia ya kuhifadhi.

Sasa kazi yako. Nakili kwanza, kutazama baadaye. Rangi iliyo ndani ya CD ya kuchoma huharibiwa na jua na joto. Zilizokaa dirishani pale kafe karibu zote zimekufa. Diski ikigoma, jaribu drive nyingine kabla ya kukata tamaa, nimeokoa kadhaa kwa njia hiyo tu. Ikiendelea kugoma tumia ddrescue, programu ya kuokoa data: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, ndipo irudi kwenye mikwaruzo. Kucheza, programu ya VLC inafungua 3gp na flv (video za tovuti za zamani) bila Flash, programu ya kuchezea video hizo ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Faili la awali usiliguse, hata jina lake. Kijana wa Bahi alimpelekea fundi wa studio video ili "aing'arishe". Programu ikamtengenezea bibi macho na meno ambayo hakuwa nayo. Mama yake alipoonyeshwa alisema, "Huyu simjui." Kama unataka kung'arisha, fanya kwenye nakala.

Halafu kaa na mama, mcheze moja moja, uandike: nani huyu, kijiji gani, mwaka gani, nani alishika simu. Weka maandishi hayo kwenye folda ileile ya video. Hili ndilo la kuharakisha kuliko yote, maana diski inaweza kungoja kuliko kumbukumbu ya mzee. Ukiona anwani ya tovuti kwenye video, iingize kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive. Mara nyingine ukurasa na maoni ya watu vimebaki hata kama video haichezi. Na kama nyumbani kuna aliyepandisha video kwenye Google Video, huduma ya zamani ya video ya Google, afungue akaunti yake ya zamani: ilipozimwa Agosti 2012, zilizobaki zilihamishiwa YouTube kama za faragha.

Kabla ya kuweka chochote hadharani, waulize wazee. Muheme inahusiana na mambo ya jando, na si kila kilichorekodiwa kilikuwa cha kila jicho. Ya bibi wa Bahi ipo kwa familia tu, na iko salama.

Zile zitakazogoma, zipige picha upande wa chini uziweke hapa, nikuambie uanze na ipi.