Nairobi hadi Mombasa kwa ndege: mbona saa nzima?

Swali: Nina kikao katikati ya mji wa Mombasa saa nne asubuhi. Tiketi yangu inaonyesha ndege inaondoka JKIA (uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi) saa mbili na kufika saa tatu. Nasikia umbali wa angani ni kama kilomita 420, na jeti huenda kilomita 800 kwa saa. Kwa hesabu yangu hiyo ni nusu saa tu. Nusu ile nyingine inaenda wapi, na je, kikao nitakiwahi? – Msomaji, Embakasi

Jibu: Umbali umeupata sawasawa. Barabara ya Mombasa ni takriban kilomita 480 na reli ya SGR ni 472, kwa kuwa zote hupinda kufuata ardhi; 420 ni mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja. Hesabu inaharibikia kwenye ile 800. Huo ni mwendo wa jeti ikishafika juu, na katika safari fupi namna hii huko juu haikai.

Nairobi upepo aghalabu hutoka mashariki, kwa hiyo ndege huruka ikielekea kaskazini-mashariki, ndipo igeuke kulia kuelekea pwani. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi kilomita 460 hivi kwa saa. Kufika futi 30,000 huchukua kama robo saa, na hapo imeshakula kilomita 140. Kushuka nako kuna hesabu yake: marubani hutenga maili tatu za baharini (kama kilomita tano na nusu) kwa kila futi 1,000. Kutoka futi 30,000 hadi Mombasa, karibu usawa wa bahari, lazima waanze kushuka kilomita 170 hivi kabla ya kutua. Toa zote mbili. Zinabaki kilomita 110, yaani dakika nane au tisa za mwendo kamili! Jumla ya muda angani ni kama dakika 45.

Zilizobaki ni za ardhini. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama upande wa pili, na JKIA ina njia moja tu ya kurukia, ambayo asubuhi huwa na foleni.

Kwa sababu hiyohiyo, usiikwepe ndege ya propela kama Dash 8-400 katika safari hii. Mwendo wake ni kama 650, lakini huchelewa kwa dakika chache tu.

Ukitaka kukadiria safari yoyote ya jeti, gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Dubai, kilomita 3,550 hivi kutoka Nairobi, inakupa karibu saa tano. London, kama 6,800, inakupa saa tisa. Upepo wa juu unaweza kusogeza majibu hayo kidogo, hasa safari ikiwa ndefu.

Sasa kikao chako. Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Port Reitz, na lazima upite Changamwe na Makupa kabla ya kuingia kisiwani, njia yenye malori mengi ya bandari. Ukiwa na begi la mkononi tu na ndege isichelewe, utawahi, ila kwa kubanwa. Kama una mzigo wa kusubiri au kikao hakikubali kuchelewa, badilisha tiketi uchukue ndege ya mapema zaidi.