Uanze na kitabu kipi cha Patricia Highsmith, mwandishi wa Kimarekani wa riwaya za uhalifu?
Ndugu, wengi watakutajia The Talented Mr. Ripley, cha 1955, chenye Ripley, yule kijana wa Marekani anayemuua mwenzake kwa kasia ndani ya boti huko San Remo, Italia, na hawajakosea. Mimi ningekupa The Tremor of Forgery, cha 1969. Mwandishi wa Kimarekani yuko Hammamet, Tunisia, anasubiri barua ambazo haziji. Usiku mmoja mtu anaingia mlangoni kwake; mwandishi anamvurumishia taipureta gizani, inampata. Kukikucha hakuna maiti, na wahudumu wa hoteli kimya. Kaua au hakuua? Hakuna anayemwambia, nawe unasoma roho mkononi. Ila kinakwenda polepole, usije ukanilaumu ukifika ukurasa wa 50.