Uliza Fundi: Betri ya karavani haifiki asubuhi

SWALI: Nina karavani (nyumba ya kuvutwa na gari) ya mtumba kutoka Uingereza. Naipangisha kwa wageni, mara iko uwanjani kwangu Mwambani, mara naivuta hadi Ushongo. Betri ya ndani ni ya maji, volti 12, 100Ah (yaani ampea 100 kwa saa moja, au 10 kwa saa kumi), ina miezi minane. Friji ikiwashwa saa mbili usiku, ikifika saa saba taa zimefifia na friji imezima. Fundi wa magari anasema betri imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Sahare, Tanga

JIBU: Hela iweke mfukoni kwanza, ndugu yetu. Hata ukinunua mpya, kwa mwendo huo itakufa vilevile.

Friji za karavani hizo kwa kawaida zina njia tatu: gesi, umeme wa volti 230, na volti 12. Nyingi hazina kompresa. Zinafanya kazi kwa kupashwa joto, na kwa volti 12 kipashio hicho hula ampea 8 hadi 10 bila kupumzika. Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya safarini, injini ikinguruma. Waya wake hutoka kwenye gari linalovuta, si kwenye betri ya ndani. Kama friji yako inafanya kazi kwa betri karavani ikiwa imeegeshwa, kuna mtu aliunganisha waya hizo mbili. Tafuta muungo huo uukate. Ukiegesha tumia gesi, na karavani isimame sawa, maana friji ya aina hii ikiwa imeinama haipozi.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni kwamba betri nzima ya 100Ah iliyojaa, kwa ampea 10, saa saba usiku ingekuwa imefika nusu tu. Yako inazima kabisa. Basi ama haijai, ama imeshapoteza uwezo.

Ichaji usiku kucha, chomoa kila kitu, iache saa sita au zaidi, kisha pima kwa mita. Volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Chini ya 12 iko hoi. Halafu chukua hidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, upime seli zote sita, yaani vyumba vya betri. Iliyojaa husoma karibu 1.270. Tano zikisoma 1.260 na moja 1.150, hiyo moja imekufa na hakuna chaja itakayoifufua. Hapo ndipo ununue.

Zikiwa sawa zote, shida ni chaji. Wengi hudhani gari litaijaza njiani. Angalia unene wa waya: wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukipitisha ampea 15 unapoteza volti 1.2. Alteneta (jenereta ya injini ya gari) inatoa volti 14.2, betri inapata 13. Haitajaa hata ufike Dar. Weka waya wa milimita za mraba 10, upotevu unashuka hadi volti 0.3, na fyuzi iwe jirani na betri, kila upande.

Kwa chaja ya ukutani, ampea 10 zinatosha. Volti ziwe 14.4 hadi 14.7 mpaka betri ivute ampea 1 au 2 tu, kisha zishuke 13.5. Kutoka nusu, hesabu muda wa saa nane hadi kumi, kwani sehemu ya mwisho huenda polepole. Kwa joto letu punguza volti hizo kidogo, kama volti 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi ya Selsiasi juu ya 25, la sivyo maji yanachemka yakaisha. Na isilale tupu hata siku mbili, maana salfati, chumvi ya risasi, hugandia kwenye sahani za risasi zilizo ndani, na ikikomaa haitoki.

Maji ongeza baada ya kuchaji, kwani yakipata chaji hupanda. Sahani zikiwa wazi, zifunike kidogo kwanza, kisha chaji. Ni maji yaliyosafishwa tu, si ya kisima, wala si tindikali. Kinachopungua ni maji. Tindikali imebaki humo humo.

SWALI: Nikichaji, chini ya kitanda kunanuka mayai viza. Na vichwa vya betri vina ukoko wa kijani.
Msomaji, Raskazone

JIBU: Zima chaja ukutani. Usichomoe klipu kwenye betri, cheche moja inatosha kulipua gesi. Fungua milango, usilale humo. Harufu hiyo ni betri kuchajiwa kupita kiasi au seli kupiga shoti. Ikiwa na joto la kutisha kuishika, iache ipoe kisha itoe. Sanduku la betri lazima liwe na mpira wa kutolea gesi nje. Mara nyingi tunaukuta umebanwa na godoro.

Ukoko: fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Kijiko cha magadi soda kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki, vifuniko vya seli vikiwa vimekazwa, kwani magadi yakiingia ndani yanaua tindikali. Suuza, kausha, funga chanya kwanza, kisha paka grisi. Kwa upepo wa chumvi wa Raskazone, rudia kila miezi miwili.