Maswali ya Wasomaji: Kwa nini uyoga huelekea dirishani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima uyoga aina ya mamama katika chumba kilicho nyuma ya nyumba yangu. Mifuko ilipokaa gizani, utando mweupe ulienea vizuri. Hata hivyo, uyoga ulipoanza kutoka ulikuwa na mashina marefu na membamba, vichwa vidogo, na wote umelalia upande wa kidirisha kimoja kilichopo. Nilipofundishwa kilimo hiki niliambiwa kwamba uyoga ni zao la gizani. Ikiwa haujitengenezei chakula kwa jua, mwanga unauhusu nini, na unautambuaje?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoambiwa ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua mavuno yako.

Ni kweli kwamba fangasi hazina klorofili, nazo hupata chakula chao kwa kuyeyusha mabua, pumba, magogo au samadi. Kwa hiyo mwanga kwao si chakula bali ni habari. Nyuzi zinazokula huwa zimezama ndani ya mabua, mahali penye giza na unyevu, lakini spora, yaani chembe ndogo za uzazi wa fangasi, hazina budi kutoka nje zikapeperushwe na upepo, kwa sababu kichwa kikifunguka katikati ya gogo, spora zake zote zimepotea. Mwanga huiambia fangasi kwamba hewa ya wazi iko karibu, na pia iko upande gani.

Fangasi iliyochunguzwa sana katika jambo hili ni Phycomyces, jamaa wa ukungu mweusi wa mkate. Hutoa kijiti cha seli moja tu, chembamba kama sehemu ya kumi ya milimita, kinachoweza kupita sentimita 10 kwa urefu na kukua takriban milimita 3 kwa saa. Ukikimulika kwa upande mmoja, huanza kupinda kuelekea kwenye mwanga baada ya dakika chache. Kijiti hiki ni kiangavu na cha mviringo, hivyo hufanya kazi kama kioo cha kukuzia: hukusanya miale na kuielekeza kwenye ukuta wa ndani wa upande wa pili, ukuta huo ukakua upesi zaidi, na kijiti kikainamia mwanga. Mwaka 1918 Mjerumani Johannes Buder alikitumbukiza kijiti ndani ya mafuta ya parafini, ambayo hupindua mwendo wa miale, na kijiti kikapinda kuukimbia mwanga. Sijui jaribio jingine linaloeleza jambo hili waziwazi kwa vifaa vichache namna hiyo.

Max Delbrück, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1969 kwa kazi yake juu ya virusi, aliiacha kazi hiyo ya virusi na kutumia miaka yake mingi iliyobaki kuichunguza Phycomyces, hadi alipofariki mwaka 1981. Kilichomvutia ni kwamba seli moja isiyo na jicho wala neva huitikia mwanga hafifu kama wa nyota na bado huitikia mwanga wa jua, tofauti inayofikia mara bilioni 10. Jeni za fangasi hiyo zinazohusika na mwanga zilipewa jina la mad kwa heshima yake.

Kiungo chenyewe cha kutambua mwanga kilipatikana kwanza katika ukungu wa rangi ya machungwa uitwao Neurospora. Mwanga wa bluu huufanya utando wake utengeneze rangi hiyo, ambayo huulinda dhidi ya madhara ya jua. Watafiti waligundua aina zilizobadilika, ambazo utando wake hubaki mweupe hata ukimulikwa huku spora za juu zikiwa na rangi yake ya kawaida, hivyo ndani ya chupa huonekana pete nyeupe, na jeni iliyoharibika ikaitwa kola nyeupe. Protini ya jeni hiyo imeshika molekuli inayotokana na vitamini B2, na molekuli hiyo ndiyo inayonasa mwanga wa bluu. Ikishaunasa, protini hubadilika umbo na kuziamsha jeni nyingine katika muda usiozidi nusu saa. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba jeni ya madA ya Phycomyces ni ya ukoo huohuo.

Tuje sasa kwenye mifuko yako. Katika Coprinopsis, uyoga mdogo unaoota kwenye samadi ya farasi, watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2005 kwamba jeni ya ukoo huo ikiharibika, uyoga hurefusha shina na kichwa hakikui, hata ukiwa mwangani, sawasawa na ule wa kawaida ulioachwa gizani. Huko ndiko kuliko na maelezo ya mashina yako, ingawa hewa nayo ina sehemu yake: chumba kisichopitisha hewa hujaa kaboni dayoksaidi, ambayo pia hurefusha shina na kudumaza kichwa.

Fundisho la "zao la gizani" lina asili yake katika uyoga mwingine, ule mweupe wa vifungo, ambao huzaa bila mwanga na uliwahi kulimwa katika machimbo ya mawe chini ya jiji la Paris. Mamama si wa namna hiyo. Acha mifuko gizani mpaka utando uenee wote, kisha ihamishie penye hewa na mwanga wa kutosha kusoma gazeti, bila kupigwa na jua la moja kwa moja.

SWALI: Chumba changu hakina dirisha. Jirani amenishauri nifunge balbu nyekundu. Itafaa?
*Msomaji, Kiambu*

JIBU: Haitoshi. Zipo fangasi zinazotambua mwanga mwekundu, mfano Aspergillus, lakini mamama hutegemea hasa mwanga wa bluu. Balbu nyeupe ya LED ina bluu ya kutosha. Ifunge mahali ambapo mwanga utafikia hata rafu za chini, kwa kuwa mifuko iliyo kivulini itaendelea kutoa mashina marefu.